Harusi Waliyokula kwa Kushoto

Mishi na Kevin, ninyi mnaoirithi kazi yangu, mashine ya kuskani mmeichukua, glavu mmezichukua, na ile pampu ya mpira ya kupulizia vumbi nayo mmeichukua ingawa niliificha. Sasa mnataka na maneno. Siku ile ulipokuja na tuktuk kubeba vitu, Kevin, uliniambia, "Bi Siti, tuandikie tu vitu za maana, zile tips." Nikakujibu kwamba vitu havina "za", vina "vya", na kwamba ya maana siyajui, nayajua yale yaliyonitoa jasho. Basi nitaandika hayo. Mshahara sitautaja kwa sababu ni habari fupi mno. Vyeo navyo katika kazi yetu havikuwako. Palikuwa na Fundi, na palikuwa na mimi.

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Kuna bibi mmoja wa Galu aliniletea negativu za ujana wake, nikaziskani, nikakaa kwenye kompyuta kufuta vumbi doa baada ya doa. Alipokuja kuchukua akaniambia huyo si yeye. Kumbe nilikuwa nimemfuta kidoti chake cha kuzaliwa katika picha zote, tena kwa bidii. Nilikirudisha, lakini jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba kazi hii sasa itafute macho mengine.

Nilianza kazi studio ya Ukunda, nikiwa msichana ambaye hajawahi kushika kamera. Mwenye studio alikuwa Fundi Athumani, mtu mwembamba, mpole, vidole vimekuwa rangi ya chai kwa dawa. Asubuhi ya kwanza aliniamkua vizuri, akaniuliza habari za nyumbani mmoja mmoja, kisha akasema, "Haya binti, picha za jana ziko mezani. Kazisafishe." Akatoka kwenda benki. Nami nikatii. Nikatafuta ndoo, nikatafuta sabuni ya mche, nikazisugua picha zile mbele na nyuma hadi zikatoa povu, nikazisuuza, nikazianika kwenye kamba nyuma ya duka. Fundi aliporudi alikuta wazungu wa Diani na nguo zao za kuogelea wananing'inia karibu na shati lake.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akazitazama zile picha zikipepea. Kisha akaniuliza, "Nani amekufundisha kusafisha hivi?"

"Nyumbani," nikamwambia.

"Naam. Umefundishwa vizuri. Sasa njoo nikuonyeshe kusafisha kwetu, kwetu ni gizani."

Kusafisha picha kulikuwa ni kuitoa picha kwenye mkanda kwa dawa, na mikanda ya jana ilikuwa pale pale mezani, kando ya picha zilizokwisha chapwa. Ninyi hamkulijua neno hili katika maana ile, kwa hiyo mnacheka. Wakati ule kila mtu pwani hii alisema anakwenda kusafisha picha, na mimi nilikuwa sijawahi kupata picha ya kupeleka. Ningelijuaje?

Gizani ndiko nilikojifunza yote. Fundi alinifungia mle ndani na mkanda ulioharibika, akaniambia nisitoke mpaka niweze kumwambia upande wake bila kuona. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Picha imekaa kwenye ule uliofifia. Taa ikiwa imezimwa, ulikuwa unalowanisha mdomo kidogo, unagusisha pembe ya mkanda, na upande unaonata ndio wenye picha. Nimebusu filamu nyingi kuliko nilivyombusu mume wangu, naye analijua hilo. Fundi alikuwa akisema filamu ina uso na kisogo, na kwamba anayechanganya viwili hivyo afadhali akauze maji ya madafu. Aliyasema kwa upole ule ule, lakini mtu ulikuwa unajisikia umeshaanza kuuza madafu.

Miaka ya studio siisimulii yote. Harusi, paspoti, watoto wa shule wenye tai moja waliyokuwa wakipokezana. Wateja wa Kikoneni waliokuja na mbuzi wao kwa sababu mbuzi naye ni mali na lazima aonekane. Kisha zikaja kamera zisizo na mkanda, kisha zikaja simu, na kila mtu akawa fundi. Studio ikafungwa. Fundi akarudi kwao kulima, na kabla ya kuondoka alinikabidhi kabati zima la negativu ambazo wenyewe hawakuzifuata. Alisema, "Siti, hawa watu watarudi. Watu hukumbuka picha wakishazeeka." Nilidhani ananiliwaza tu.

Walirudi, na walirudi kupitia simu. Mtu mmoja akiona picha ya zamani ya jirani kwenye simu, naye anataka zake. Nikanunua skana ya mezani kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama kutoka nyumba ya kupanga Diani, ile yenye taa kwenye kifuniko na fremu za plastiki za kupangia vipande vya filamu. Nikaiweka chumbani, kwa kuwa sebuleni pana upepo na upepo wa kwetu unakuja na mchanga. Hapo ndipo nilipojifunza kazi upya. Mtu akiwa na mkanda mmoja, ni raha. Mtu akileta mfuko mzima, huwezi kwenda kipande kimoja kimoja, utakufa bado unaskani. Unafanya kwa mikupuo: unapanga fremu moja wakati nyingine iko kwenye mashine, unapuliza vumbi, unafunga kifuniko, unaiacha ijisomee, wewe unakwenda kugeuza mandazi. Stima ikipotea katikati, unamwomba Mungu subira, unaanza upya.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Filamu ya pwani huota ukungu, hujikunja, na vipande hushikana. Dawa niliyoigundua mwenyewe ni mchele: weka filamu katika debe, izungushie mchele mkavu, funika, mchele utavuta maji. Dawa nzuri sana. Hasara yake ni kwamba siku moja wageni walikuja ghafla na mume wangu akapika kilichokuwemo. Filamu alizitoa, alhamdulillah. Wali ulikuwa na harufu ya studio, na shemeji yangu mmoja mpaka leo hujifanya amefunga anapokuja kwetu.

Mume wangu, Nassoro, mnamjua. Alikuwa askari wa lango katika hoteli moja ya Galu mpaka alipostaafu, na alistaafu kabla yangu. Akawa anakaa tu barazani, anafungulia lango kuku. Nikamhurumia nikamwambia aje anisaidie kupanga fremu. Alivaa glavu nyeupe kwa furaha kubwa, maana hotelini hawakumpa. Kila mkanda ulioingia aliuuliza mwenyewe unatoka wapi na unakwenda kwa nani. Mkono wake ni mtulivu, hana haraka, na vumbi analiona. Nilimwambia jambo moja tu la kushika: upande unaong'aa utazame chini, kwenye kioo. Alilishika vizuri kwa siku nyingi.

Sasa niwaeleze habari ya Mwanakombo, ambayo ndiyo niliyokaa kuiandika.

Mwanakombo ni mpishi katika hoteli moja ya Diani, mwanamke wa makamo, mcheshi, na kisu anakishika kwa mkono wa kushoto. Ana shoto tangu kuzaliwa. Baba yake, marehemu Mwalimu Bakari, alikuwa mwalimu wa chuo huko Msambweni, amewafundisha Kurani nusu ya watu mnaowaona wakienda msikitini. Na Mwalimu alisifika kwa jambo moja kuliko yote: mtoto akishika kitu kwa kushoto, alipigwa. Kalamu, kijiko, hata jiwe la kupigia embe. Mwanawe alipigwa zaidi ya wote, kwa sababu alikuwa mwanawe na kwa sababu hakuacha. Mkono ule ulifungwa kitambaa wakati wa kula mpaka akawa msichana mkubwa.

Alikuja kwangu na kopo la biskuti lenye kutu. Mama yake alikuwa amelikuta juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Ndani yake mlikuwa na negativu za harusi ya kaka yake Mwanakombo, zimeshikana kama chapati zilizopangwa zikiwa za moto. Zilisafishwa zamani lakini hazikuchapwa hata moja, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Bi Siti," akaniambia, "hitima ya baba inakaribia. Hatuna picha yake ya maana. Alikuwa hapendi kamera. Kama humu yumo, nitolee."

Nikamwambia nitajaribu. Kisha akasema, "Nataka nimtazame vizuri. Alipokuwa hai nilikuwa siwezi kumtazama, nilikuwa natazama mkono wake unatokea wapi."

Aliyasema akicheka, lakini mimi sikucheka.

Nilizilowesha zile filamu katika maji safi, nikaziachanisha taratibu, nikazining'iniza bafuni kwa vibanio vya nguo. Nassoro akawa anaoga kwa jirani siku zile. Zilipokauka, nikaitwa matangani Kikoneni, nikamwachia yeye kazi. Nikamwonya kuhusu vumbi. Sikumwonya kuhusu uso na kisogo kwa sababu hilo alilijua.

Nilirudi nikamkuta barazani amekunja nne, na glavu bado mkononi.

"Nimemaliza zote," akasema. "Na moja nimemtumia mwenyewe kwenye simu. Ile ya karamu. Mwalimu anaonekana wazi kabisa."

Kabla sijakaa simu yangu ikalia. Alikuwa Mwanakombo, na nyuma yake nilisikia watu wanasema kwa pamoja.

"Bi Siti, shikamoo. Umenitumia nini?"

"Marahaba. Kwani ina nini?"

"Nimeiweka kwenye kikundi cha familia. Watu hawasemezani."

Nikaifungua. Picha ilikuwa safi, sina la kusema. Sinia za pilau zimepangwa mkekani, watu wamekaa duara, na wote wanakula kwa mkono wa kushoto. Wajomba, mashangazi, bwana harusi mwenyewe, kila mmoja na tonge lake kushotoni. Isipokuwa Mwalimu Bakari, amekaa katikati na kanzu yake nyeupe, tonge li karibu na mdomo, katika mkono wa kulia.

Kwenye kikundi mambo yalikuwa yamechafuka. Ami yake mmoja wa Msambweni alikuwa ameandika kwamba hao si watu wetu, hao ni upande wa bibi harusi, na kwamba tangu siku ile aliona Kikoneni hawakufunzwa kula. Watu wa Kikoneni wakajibu kwamba wao walikuja na adabu zao, labda waliziacha walipoona wenyeji. Bibi harusi wa siku zile, ambaye sasa ana wajukuu, aliandika kwamba anarudi kwao. Na katikati ya ugomvi ule, watu wote wa pande zote mbili walikubaliana juu ya jambo moja: mtazameni Mwalimu. Ukumbi mzima umepotoka, yeye peke yake amesimama imara. Mmoja alipendekeza picha hiyo ichapwe kubwa itundikwe chuoni.

Nikaisogeza picha karibu. Mbele kulikuwa na mwanamke amejifunga leso, na maandishi ya leso yalikuwa yanasomeka kinyumenyume.

"Nassoro," nikamwita, "upande unaong'aa ulitazama wapi?"

"Juu."

"Nilikwambia chini."

"Najua," akasema kwa utulivu. "Siku zote nilikuwa naweka chini. Lakini nikafikiri, huyu ni Mwalimu, mtu mkubwa. Kule hotelini kinachong'aa huelekezwa kwa mgeni, hakifichwi chini. Nikaona tumekuwa tukiwakosea watu heshima."

Nilikwenda kwenye mashine, nikaigeuza filamu, nikaiskani upya. Wajomba wakarudi kulia, mashangazi wakarudi kulia, bwana harusi akarudi kulia, leso ikasomeka. Nikashusha pumzi. Ndipo nikamwona Mwalimu.

Nikaigusisha filamu mdomoni, gizani na mwangani. Nikasoma na namba zilizo pembeni. Hapakuwa na makosa. Mwalimu Bakari, aliyewapiga watoto wa Msambweni kizazi kizima, alikuwa anakula pilau ya harusi ya mwanawe kwa mkono wa kushoto, na kwa raha zake, mashavu yamejaa.

Kevin, wewe uliposikia habari hii ulisema, "Si ni ku-flip tu, unasonga." Ndiyo, mwanangu, ni kugeuza tu. Lakini fikiri. Nikiwapa picha ya kweli, namvunjia heshima marehemu wiki ya hitima yake, mbele ya wanafunzi aliowapiga. Nikiwaachia ya uongo, koo mbili zitaendelea kugombana na bibi harusi atarudi kwao na wajukuu. Na Mwanakombo, aliyefungwa kitambaa mkononi, ataitundika ukutani picha ya baba ambaye hakuwako.

Nassoro alitaka kusaidia. "Tumkate Mwalimu hapa kwenye kiwiko," akasema, akionyesha kwa kidole cha glavu.

"Nyumba hii haimkati mtu mkono."

"Kwenye picha."

"Hata kwenye picha."

Tulikuwa bado tunabishana mlango ulipobishwa hodi. Mwanakombo amekuja mwenyewe, na amemleta mama yake, Bi Fatuma, mwanamke mzee mwenye uso mdogo na macho makali. Nikawakaribisha, nikamwamkia bibi, nikawapa viti. Nilikuwa nimeamua kuwaeleza habari ya kugeuka kwa filamu kwanza, halafu Mwalimu taratibu. Lakini kompyuta ilikuwa wazi, na Bi Fatuma alikuwa ameshavaa miwani.

Aliitazama picha muda mrefu. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikamwashiria Nassoro alete maji. Kumbe anacheka.

"Siku ile," akasema, "alijisahau. Furaha ya mwanawe kuoa ilimpanda kichwani, akajisahau tonge moja. Mpiga picha naye akamwahi. Alipoziona hizi filamu, alikosa usingizi. Akaniambia zisichapwe. Nikamwuliza, basi tuzichome? Akasema hapana, ni harusi ya mwanangu."

"Mama," Mwanakombo akasema polepole, "baba alikuwa na shoto?"

"Tangu tumboni. Kwa watu alikula kulia, na alikula kidogo, unakumbuka watu walivyokuwa wakimsifu kwamba hana tamaa? Ilikuwa mkono haumtii. Akirudi nyumbani namwekea chakula jikoni, nafunga mlango, nakaa mlangoni. Anakula kushoto mpaka anashiba. Ndoa yetu yote nimekuwa askari wa mlango."

Nassoro alikaa wima aliposikia hivyo.

"Na mimi mbona alinipiga?" Mwanakombo akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Nilidhani hanipendi kwa sababu sikufanana naye. Nilidhani labda ananiona si wake."

Bi Fatuma akavua miwani.

"Alipigwa yeye kwanza, na baba yake, mpaka kidole hiki kikapinda. Ulipozaliwa ukanyoosha ule mkono kunyonya, alitoka nje. Mwanangu, mkono aliokuwa akiupiga ulikuwa wake."

Nassoro akavua glavu zake.

Mwanakombo akaisogelea kompyuta. Akamtazama baba yake kama alivyosema anataka kumtazama. Mwishowe akaniambia nimtumie hii, ya kweli, na mbele yetu akaiweka kwenye kikundi bila maelezo ila kwamba ya kwanza iligeuka kwa makosa ya mashine. Nassoro akataka kusahihisha kwamba si mashine, nikamkanyaga mguu.

Tukakaa tukisubiri. Majibu yakaanza kumiminika. Ami wa Msambweni akaandika kwamba sasa anajiona, na kwamba yeye alijua tangu awali. Watu wa Kikoneni wakaandika kwamba wanashukuru kusafishwa. Bibi harusi akasema anaghairi kurudi kwao. Kila mtu alikuwa ameikuza picha kwenye mkono wake mwenyewe, akaona uko mahali pake, akaridhika. Mwalimu hakutazamwa na yeyote. Bi Fatuma akasema hata siku ile ya harusi ilikuwa hivyo hivyo, wote walikuwa wanatazama nyama.

Basi ninyi mnaonifuata, kabla hamjaamini picha yoyote, tafuteni herufi ndani yake: leso, kibao, gunia la unga. Herufi zitawaambia uso na kisogo. Zikishawaambia, na bado kukabaki kitu kilichokaa kinyume na wenzake, msikiguse. Mwiteni mwenyewe.

Nilimchapia Mwanakombo picha moja, ya kutundika kwake. Nikaitia katika bahasha, nikampa kalamu aandike jina ili isichanganyike na za wateja wengine. Aliipokea kalamu kwa mkono wa kulia kama alivyozoea. Akaitazama, akaihamishia kushoto, akaanza kuandika jina la baba yake. Mkono ule ulijua kisu, haukuwahi kupewa kalamu. Herufi zilikwenda huku na huku, bahasha ikawa inateleza mezani, na Bi Fatuma akanyoosha mikono yake yote miwili akamshikia mpaka akamaliza.